Matooka Niliyoyahamisha

Mlipokuja kwangu Murera Jumamosi iliyopita, ninyi vijana sita wa Kiandutu na Kamenu, na gamubuti zenu mpya ambazo hazijaona matope, mliniita babu yenu, mkaniuliza swali moja tu: "Guka, njia ya mzunguko hutengenezwa aje?" Mlidhani nitawajibu kwa dakika kumi, mmalize chai ya mke wangu Mama Nyambura, muende zenu. Nikanyamaza, mkadhani masikio yamezeeka. Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa nimekasirika tu, na si ninyi mlionikasirisha.

Nimeamua kuwajibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nitatukana, na mke wangu hataki.

Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika ule msitu mdogo ulio kati ya Ruiru na Thika. Jina silitaji. Ni huo huo mliopewa mtengeneze njia. Kwenye karatasi niliitwa mlinzi, lakini mwizi wa kuni nilimshika mara mbili tu maisha yangu yote, na wa pili alikuwa binamu yangu. Kazi yangu hasa ilikuwa njia. Nitawaambia jinsi njia fupi na rahisi inavyotengenezwa, maana hilo nalijua. Kisha nitawaambia jinsi njia yangu mimi, fupi na rahisi, ilivyotupotezea nusu ya msitu pamoja na chemchemi yake, na jinsi nilivyosimama mbele ya wazee nikasema ukweli nikaitwa mwongo. Mkiona nimekuwa mkali mahali, mnivumilie.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kamande. Nilimkuta pale nikiwa kijana wa ndevu tatu, na yeye tayari alikuwa mtu mzima aliyetokea kwenye mashamba ya kahawa. Panga lake lilikuwa limenolewa miaka mingi hata likabaki jembamba kama kisu cha mezani, na hakutaka jipya. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha njia nikifyeke. Nikafyeka asubuhi nzima, jasho linatiririka, najisikia dume. Saa sita akaja, mikono nyuma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Vua viatu utembee."

Nikavua. Wee! Hatua ya tatu nikaruka kama mbuzi. Vile vichaka vyote nilikuwa nimevikata mshazari, kila kisiki kimesimama na ncha yake. Kamande hakucheka. Alisema, "Umewapandia wageni misumari." Nikarudia kazi yote nikiwa nimepiga magoti, nang'oa kisiki kimoja kimoja na mizizi yake. Kwa hiyo la kwanza liandikeni: mti mdogo ulio njiani haukatwi, unang'olewa. Ukishindwa kuung'oa, ukate bapa, chini kabisa, halafu ufunike udongo. Ukikatwa mshazari utamtoboa mtu, na mara nyingi atakuwa mtoto.

La pili ni benchi. Wakubwa wa ofisi hupenda kuweka benchi mahali penye mandhari mazuri. Ujinga. Benchi huwekwa mahali pa kuhema. Mimi sikupima kwa futi wala kwa kamba. Nilimchukua mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, nikampeleka msituni na kikapu chake, nikamwambia azunguke taratibu. Pale alipokaa chini bila kuambiwa, nikachomeka kijiti. Pale aliposema, "Njoroge, hapa unataka kuniua," nikapunguza urefu wa ngazi. Aliketi mara nne, akanilaani mara mbili, na njia ikawa nzuri. Ninyi mna simu zinazohesabu hatua. Sawa, tumieni, lakini mkachukue pia cucu mmoja, bibi kizee wa Kiandutu mwenye magoti mabovu. Simu haina magoti.

Na siafu. Kuna mwaka walikuja waimbaji wa kanisa moja la Kamenu, na mzee wa kanisa amevaa suti nzito kama anaenda kuoa. Nikawaambia: mkiona mstari mweusi unapita njiani, msisimame, rukeni, kimbieni hatua ishirini, ndipo mjikague. Yule mzee akachagua kusimama papo hapo na kusema, "Ndugu zangu, tuombe." Akafumba macho. Wenzake wakaona wanachoona, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Alikuwa amefika kuwaombea viongozi wa nchi siafu walipofika kwenye goti. Amina ya siku ile ilikuja mapema sana, na suruali ikaja nyuma yake. Nilimshikia kanzu ya mwimbaji mmoja iwe pazia. Mpaka leo tukikutana sokoni Thika hunisalimia haraka haraka.

Nacheka, lakini si cheko lililonifanya niandike.

Ule msitu mnaoujua leo ni kitambaa tu. Zamani ulianza kule chini mtoni ukapanda mlima wote hadi chini ya shamba la kahawa. Juu kabisa, chini ya mkuyu mkubwa, palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka katikati ya mizizi, baridi hata meno yanauma, na tulikunywa kwa jani la nduma lililokunjwa. Wakati wa kiangazi akina mama wa ng'ambo ya mto walikuja na mitungi, tukawaacha wateke. Njia ya zamani ya mzunguko ilipita hapo. Ilikuwa ya saa moja na nusu, ina mawe, ina tope karibu na chemchemi, na pale juu ilifuata mpaka wetu na lile shamba.

Mpaka wenyewe ulikuwa matooka. Labda nyumbani kwenu hamkufundishwa, mmezaliwa kwenye vyumba vya kupanga. Itooka ni ua la mwituni, lina kitunguu kikubwa chini ya ardhi, majani mapana, na mvua ikinyesha hutoa maua meupe yenye mstari wa waridi. Sisi Wakikuyu tulilipanda mpakani. Majirani wawili walisimama, wazee wakawa mashahidi, itooka likapandwa, basi, mambo yameisha. Halifi kwa jua, halifi kwa moto, mbuzi halitaki. Na halikuguswa. Mtu aliyehamisha itooka alihesabiwa pamoja na wachawi. Cucu yangu alinipiga kofi nikiwa na miaka sita kwa kuchuma ua tu, sembuse kitunguu.

Kila mwaka kabla ya masika, mimi na Kamande tulipanda kule juu tukapalilia ule mstari. Palikuwa pia na bikoni za saruji za wapima ardhi, lakini Kamande hakuzijali. Alizipita tu. Alipofika kwenye itooka la kwanza, alivua kofia. Nikamwuliza mbona. Akasema, "Bikoni iliwekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi Nairobi. Haya yaliwekwa na watu waliokuwa wanaishi hapa." Tulipalilia siku mbili, kimya kimya, kisha tukanywa maji ya chemchemi tukateremka. Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi ili mjue baadaye nilichokuwa nacho nikakipoteza.

Kamande akastaafu. Mimi nikabaki mkubwa wa njia. Barabara kuu ikapanuliwa, na watu wa Nairobi wakaanza kuja wikendi, na viatu vyeupe. Ofisi ikaletewa bosi mpya, mwanamke kijana, msomi, mtu wa heshima zake. Sina neno baya juu yake. Alitaka wageni. Na wageni walilalamika. Mlima mkali. Tope limeharibu viatu. Siku moja mama mmoja aliyejipaka manukato hadi nyuki wakamfuata alinisimamisha pale langoni akaniuliza, "Mzee, hakuna ile fupi?"

Hakuna ile fupi. Sijayasahau maneno hayo.

Bosi akasema tutengeneze ile fupi. Mnajua, niliifurahia sana kazi hiyo. Nilikuwa na uwezo, hakuna wa kunisimamia, na mikono ilikuwa inawasha. Badala ya kupanda hadi chemchemi, njia yangu mpya ilikata katikati ya mlima, ikazunguka taratibu, ikarudi mtoni. Dakika arobaini kwa mtu anayetembea akiongea. Hakuna jiwe la kukwaa. Mwanzo wa mteremko uko mahali ambapo pumzi inakaribia kuisha, si baada. Mama mjamzito aliweza. Mtu wa magongo aliweza, nilimwona kwa macho yangu, akakaa kwenye benchi langu la tatu akalia kwa furaha, akasema hajawahi kuingia msituni tangu aumie. Siwezi kusema ile njia ilikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya ningelala usingizi.

Ila upande wa juu wa njia, pale nilipokata mlima, udongo mwekundu ulibaki wazi, mbaya, kama kidonda. Bosi akasema pangekuwa na maua pangependeza, lakini ofisi haina bajeti ya maua. Hakunituma. Hakunipa wazo. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyesema: "Maua yapo, madam. Niachie."

Nilichukua toroli na jembe nikapanda juu. Kwenye itooka la kwanza mkono ulisita, sitawadanganya. Nilimkumbuka cucu na kofi lake. Kisha nikajiambia: Njoroge, hili si shamba la mtu na jirani yake. Hii ni ardhi ya serikali, ina ramani Nairobi, ina bikoni. Mambo ya wazee yamepitwa. Nilijiona msomi! Mtu wa darasa la saba! Nikapiga jembe. Kitunguu kikatoka kizima, kikubwa kama kichwa cha mtoto, na mizizi yake minene myeupe, nikakilaza kwenye toroli. Baada ya cha tatu mkono haukusita tena. Wiki mbili nikapanda na kushuka, nikayapanga yote kando ya njia mpya, upande wa juu, kwa mstari. Mstari mzuri ulionyooka. Nilitumia kamba.

Masika yakaja. Yakachanua yote. Ngai! Njia ikawa nyeupe kutoka benchi la pili hadi la nne. Maharusi walikuja kupiga picha. Bosi akaniandikia barua ya kunisifu, eti nimeipendezesha njia kwa maua, na nakala ikaenda kwa wakubwa. Barua ninayo bado, chini ya godoro. Kuitazama sitaki, na kuichoma nimeshindwa.

Njia ya zamani hakuna aliyeifuata tena. Mwaka wa kwanza nyasi, wa pili vichaka, wa tatu lantana imefunga kabisa. Hata mimi sikupanda tena. Kwenda kufanya nini? Mpaka ulikuwa hauna cha kupalilia. Akina mama wa ng'ambo walipata mfereji wa maji ya bomba, wakaacha kuja na mitungi. Ikafika mahali watoto wa shule walioletwa kutembea walidhani msitu unaishia pale kwenye maua. Nami sikuwarekebisha. Kuwarekebisha kungetaka kuwaonyesha, na kuwaonyesha kungetaka kupanda mlima.

Kisha lile shamba la kahawa likauzwa. Mnajua yanavyokwenda hapa kwetu: leo kahawa, kesho trekta, kesho kutwa vibao vya ploti. Walionunua walitoa madai kwamba shamba lao linashuka hadi katikati ya mlima, na chemchemi ni yao. Nikacheka. Nikapanda kuwaonyesha bikoni. Hakuna bikoni. Hata moja. Mashimo ya bikoni ndiyo yaliyokuwepo, mabichi.

Siku ya kusikiliza madai, afisa wa ardhi alikuja asubuhi na ramani iliyokunjwa mara nane, mstari wake mnene kama kidole, ukiuliza uko wapi hasa ardhini unaambiwa ulizeni wenyeji. Kwa hiyo waliitwa wenyeji. Wazee watatu, na mmoja wao Kamande. Nilipomwona nilishukuru Mungu. Nikamsogelea kumshika mkono, akanipa vidole tu.

Tukasimama kwenye njia yangu. Afisa akauliza, "Wazee, mpaka wa zamani ulikuwa wapi?" Wazee wawili wakayatazama matooka yaliyojipanga miguuni petu, wakamtazama afisa kama mtu anayeuliza jua liko wapi.

Nikatoka mbele. "Bwana afisa, haya nimeyapanda mimi. Nimeyang'oa kule juu, zaidi ya chemchemi, nikayashusha kwa toroli."

Mzee mmoja akacheka kidogo, cheko la kumwonea mtu aibu. "Wewe? Uling'oa?"

"Niling'oa. Twendeni niwaonyeshe."

Tukapanda, mimi mbele na panga nafyeka lantana, wao nyuma wanahema. Nikatafuta. Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole nikitafuta shimo moja, kitunguu kimoja kilichosahaulika, jani moja. Mvua za miaka zilikuwa zimejaza mashimo yote. Na kitunguu hakikuwepo hata kimoja, kwa sababu mimi nikifanya kazi huifanya vizuri. Nilikuwa nimeyamaliza yote. Nikatoa barua ya bosi mfukoni. Afisa akaisoma mara mbili. "Imeandikwa maua," akasema. "Haisemi ni maua gani wala yametoka wapi." Bosi mwenyewe alikuwa amehamishwa mbali, simu yake haipatikani.

Afisa akamgeukia Kamande. "Mzee, wewe ulifanya kazi hapa kabla yake. Unasemaje?"

Nikatulia. Nilijua sasa nitaaminiwa. Kamande alipalilia ule mstari tangu mimi nikiwa shuleni.

Alivua kofia. Akaishika kifuani. Akasema, taratibu, bila kunitazama, "Matooka yako pale yalipo. Na sisi sote ni watu wa hapa. Niambieni, Mkikuyu gani mwenye akili timamu anaweza kung'oa itooka kwa mikono yake mwenyewe? Hata mwendawazimu hupita kando." Wazee wakaitikia wote pamoja. Mmoja akanipiga bega akaniambia kwa huruma, "Nenda nyumbani, Njoroge. Waliokutuma wamekuaibisha." Afisa akaandika kwamba mpaka ni pale kwenye maua.

Mnaelewa? Ukweli wangu ulikuwa wa aibu kiasi kwamba hakuna mtu mwema aliyeweza kuuamini. Ningesema uongo mzuri labda ningeshinda.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama Nyambura kila kitu, kwa mara ya kwanza. Alikuwa anasonga ugali. Akasimama na mwiko mkononi. "Kumbe ndio udongo uliokuwa unaniletea kwenye suruali wiki mbili! Baba Nyambura, ungeniambia siku ile, ningekuzuia kwa mwiko huu." Kisha akakaa chini akalia. Kanisani watu walininyamazia kwa miezi. Walisema Njoroge amekula rushwa ya ofisi akataka kuwadanganya wazee. Nikastaafu mwaka huo huo. Waliniaga kwa soda na keki, na hakuna aliyetoa hotuba ndefu.

Kuta zilipanda haraka, mawe ya Ndarugo, yale yale ya kila mahali. Mkuyu waliukata. Na katika orodha ya waliopewa ploti kabla hata ploti hazijatangazwa, lilikuwemo jina la mwana wa Kamande.

Basi nirudi kwenye swali lenu. Yule binti wenu anayeitwa Wambui alinionyesha mchoro kwenye simu. "Guka, tumefikiria loop ya dakika ishirini hivi, iko flat, halafu hapa tunaweka maua watu wapige picha." Wambui, una akili na mchoro ni safi. Lakini njia yako haikaribii ukuta popote. Inakaa katikati, mbali na tope, mbali na miiba, mbali na majirani. Huo ni mchoro wangu. Utafute mwingine. Pitisheni njia ukutani kabisa, mguu wa mgeni ugonge lile jiwe. Ipitisheni kwenye bonde la chini linalonuka, hata kama viatu vitachafuka, mtie magogo ya kukanyagia. Wakilalamika, walalamike. Mtu aliyechafuka mahali atakumbuka kwamba alifika hapo, na siku akiulizwa atasema. Mimi niliwarahisishia watu hadi wakasahau walichokuwa nacho. Maua pandeni ya dukani. Na mstari wa mpaka, mwende pamoja kila mwaka, wote sita, mpige picha hizo zenu, maana hiyo picha ndiyo niliyoikosa mimi.

Hayo yanatosha kwa njia. Lililobaki sijamwambia mtu, hata mke wangu amelisikia nusu.

Masika yaliyopita, mke wa mwana wa Kamande alinipigia simu. Akasema mzee ananiita, ni ya muhimu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda, nikijidanganya kwamba anataka kuniomba msamaha. Nikapita geti jeusi, nikafika kwenye nyumba nzuri ya vigae. Nikapafahamu palepale, ingawa mkuyu haupo. Kamande alikuwa sebuleni, ameketi kwenye kiti kilichoinuliwa juu ya mawe, amevaa gamubuti ndani ya nyumba yake. Maji yalikuwa yanatoka kati ya vigae, safi, polepole, yanapita chini ya meza yanaelekea jikoni. Safi kabisa. Nilihisi ubaridi wake kupitia soli ya kiatu.

Hakuniomba msamaha. Alisema, "Njoroge, karibu. Wewe ndiye umebaki unayejua maji ya hapa."

Nikamwuliza, nimesimama, "Mzee, kwa nini?"

Hakujifanya haelewi. "Kijana hakuwa na pa kukaa," akasema. "Na wewe ulikuwa umeshayang'oa. Nilikuja siku moja kutembelea njia yako mpya, ndipo nikayaona. Nilikaa kwenye lile benchi lako nikashindwa kuinuka. Nilikufundisha nini mimi? Nikasema, huyu ameshautoa huu msitu. Acha basi apate na mtu wangu."

Hilo ndilo linalonitafuna kuliko uongo wake. Yeye alisema uongo siku moja. Mimi niliuandaa wiki mbili, kwa kamba.

Akanionyesha sakafu kwa fimbo. "Niambie niyapeleke wapi maji haya."

Nilikuwa najua. Unachimba mtaro nyuma ya nyumba, hatua ishirini tu, unayapokea kabla hayajafika kwenye msingi, unayateremsha upande wa mtoni. Kazi ya siku moja. Aliyenifundisha kuchimba mtaro wa namna hiyo ni yeye, lakini sasa macho yake hayaoni mteremko, na mwanawe ni mtu wa ofisi. Nikasema, "Yaache, Mzee. Haya yako kwao. Ni wewe uliyehamia." Nikatoka. Nilijisikia vizuri hadi getini. Baada ya hapo sijajisikia vizuri tena, na msamaha pia sijatoa, msije mkanihubiria.

Yule mke wa mwanawe ni mtu mwema, hana kosa. Mvua ikianza hunipigia. Leo imenyesha tangu asubuhi, jembe liko hapa mlangoni nimelinoa, na simu inalia, na sijaishika.